RANGI YA WAYA SI USHAHIDI
Jinsi ya kutambua nyaya unapofunga redio ya zamani ya kiwandani ndani ya gari

Hakuna askari asiyejua thamani ya redio ndani ya gari. Safari ndefu ya usiku hupungua urefu pale taarifa ya habari inaposikika, na dereva aliyechoka hupata mtu wa kumsemesha asiyehitaji kujibiwa. Ndiyo maana redio zilizotolewa katika magari yaliyopinduka au yaliyochakaa hazitupwi. Hupangwa mezani katika masoko ya vipuri vikuukuu, huuzwa kwa bei nafuu, na aghalabu huwa imara kuliko zile mpya zinazometameta. Kasoro yake ni kwamba aliyezitoa alikuwa na haraka, akakata nyaya kwa kisu badala ya kuchomoa plagi. Mnunuzi hubaki na sanduku la bati lenye mkia wa nyaya kumi na kitu, kila mmoja na rangi yake, na hakuna wa kumweleza kazi ya hata mmoja.

Nyaya hizo ndizo nitakazozieleza leo. Siandiki kama mhandisi aliyehitimu chuo. Naandika kama mtu aliyewahi kukosea, na kosa lake likamfikia mtu mwingine.

Mwaka 1991 nilikuwa msaidizi wa fundi umeme wa magari katika kituo kimoja cha polisi mashariki mwa Uganda. Kituo kilikuwa na gari moja tu linalotembea, Land Rover fupi ya petroli, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha zeeka. Mkuu wa kituo alipata redio ya Toyota Corolla iliyotolewa katika gari lililogongwa, akaniita, akasema, “Kijana, fundi yuko likizo. Wewe utaweza?” Nikajibu, “Ndiyo, afande,” kwa sababu ya umri wangu na kwa sababu hilo ndilo jibu nililofundishwa.

Kwenye bati la redio palikuwa na karatasi iliyobandikwa, nayo ilionyesha kwamba waya wa kahawia ndio wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Nilikuwa tayari nimejifunza katika lori la Kijerumani kwamba kahawia ni ethi. Basi ushahidi ukawa wa pande mbili, nami nikaridhika. Nikalala chali chini ya dashibodi ya Land Rover, nikapata waya wa kahawia, mnene, mzuri, nikaukwangua na kuusokotea ule wa redio. Betri sikuifungua. Redio ilikuwa bado inaning'inia mkononi mwangu, haijagusa chuma popote, kwa hiyo halikutokea jambo lolote. Nilipoisukuma ndani ya tundu lake na bati lake likagusa dashibodi ya chuma, ilitoka cheche ya buluu, kisha waya mwembamba wa redio ukawa mwekundu kama makaa.

Katika magari ya Kiingereza ya enzi ile, waya wa kahawia si ethi. Huo hutoka moja kwa moja kwenye betri, tena bila fyuzi.

Spana ya kufungulia betri ilikuwa karakana. Kwa muda niliotumia kukimbia kwenda na kurudi, ganda la plastiki la nyaya zote za jirani lilikuwa limeyeyuka na moshi umejaa ndani. Tangi la petroli katika gari lile liko chini ya kiti cha mbele. Askari wawili walizima moto kwa mchanga kabla haujashuka, lakini gari halikuweza kuwaka tena siku ile wala siku tatu zilizofuata.

Usiku huohuo konstebo mmoja alikatwa panga mkononi alipokuwa akiwazuia wezi wa ng'ombe. Tulimfunga kitambaa, tukaketi naye barabarani hadi alfajiri, ndipo likapita lori la mfanyabiashara wa mihogo likampeleka hospitali. Mkono uliokolewa. Vidole viwili havikunjiki hadi leo.

RANGI NA MAANA ZAKE

Yafaa askari aelewe kwanza kwamba rangi za nyaya ni mapatano ya watengenezaji wa nchi moja, nayo hayavuki mpaka. Katika magari ya Kiingereza yaliyofuata utaratibu wa zamani, kahawia ni umeme wa betri wa wakati wote, zambarau ni umeme wa wakati wote uliopitia fyuzi, mweupe ni umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa, kijani ni huohuo baada ya fyuzi, mwekundu ni wa taa ndogo, na mweusi ndio ethi. Katika magari ya Kijerumani kahawia ni ethi, mwekundu kwa kawaida ni betri, na mweusi mara nyingi ni umeme wa ufunguo. Tazama hatari iliyopo: mtu aliyezoea Land Rover akiingia katika Volkswagen na kuushika mweusi akidhani ni ethi, amekwisha kushika moto.

Wajerumani wana wema mmoja ambao mafundi wetu wengi hawautumii. Nao ni namba. Penye swichi na plagi zao, namba 30 ni betri ya wakati wote, 15 ni umeme wa ufunguo, 31 ni ethi, na 58 ni taa ndogo pamoja na zile za dashibodi. Namba hizo hazifuti, wala hazibadiliki rangi kwa jua na vumbi.

Toyota, ambazo ndizo zimejaa katika barabara zetu, zina mpango wao wa plagi ya redio uliotumika kwa miaka mingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Waya wa buluu wenye mstari wa njano ni betri ya wakati wote, inayolinda kumbukumbu ya saa na ya stesheni. Kijivu ni umeme wa ufunguo. Kahawia ni ethi. Kijani ni taa ya uso wa redio. Spika ya mbele kushoto hupata pinki na zambarau, ya mbele kulia kijani hafifu na buluu, ya nyuma kushoto mweusi na njano, na ya nyuma kulia mwekundu na mweupe. Katika kila jozi niliyoitaja, wa kwanza ndio chanya.

Sasa chukua redio ya dukani, ambayo njano yake ni betri, mwekundu ni ufunguo na mweusi ni ethi, ukaiunganishe na Toyota kwa kufuata rangi. Umeunganisha nyaya tatu za umeme na spika za nyuma. Redio haitasema neno, nawe utamlaumu aliyekuuzia.

Kuna njano nyingine ambayo ni lazima niitaje kwa sauti ya juu. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, plagi za njano na nyaya zilizovikwa ganda la njano, hasa karibu na usukani, ni za mifuko ya hewa inayolipuka gari linapogongwa. Usiziguse, usizipime kwa taa wala kwa mita. Mfuko ule hulipuka kwa umeme kidogo sana, na uso wa fundi ndio huwa karibu nao.

VOLTI NGAPI, NA ETHI IPI

Kabla ya kutafuta waya wowote, pima betri. Gari la volti 12 likiwa limezimwa huonyesha karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma hupanda hadi 14 hivi. Malori mengi ya jeshi na mengi ya mizigo ni ya volti 24, na hata baadhi ya Land Cruiser za dizeli ni hivyo. Redio ya volti 12 ikipewa 24 hufa, na mara nyingine hufa kwa moshi. Nimewaona madereva wajanja wakichomoa waya katikati ya betri mbili ili wapate 12. Redio hulia vizuri, nao hujisifu. Lakini betri ile inayolisha redio haishibi kamwe na mwenzake hupewa chaji kupita kiasi, na baada ya miezi kadhaa zote mbili huwa mzigo. Tumia kipunguza umeme cha 24 kwenda 12, hakina bei ya kutisha.

Volkswagen za kobe za kabla ya mwaka 1967 zilikuwa za volti 6, ingawa sidhani kama msomaji wangu atakutana nazo nje ya maonyesho.

Neno zito zaidi ni ethi. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwaka 1967 hivi, Land Rover zikiwamo, yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Redio zilizofuata zimejengwa kwa hasi kwenye bodi. Baadhi ya redio za kale zina swichi ndogo au plagi ya kugeuza, tazama mgongoni mwake. Kama haina, usidanganyike kwamba utabadilisha nyaya mbili na mambo yakaisha. Bati la redio lenyewe ni hasi, na ganda la nje la waya wa eriali limeungana na bati hilo upande mmoja na bodi ya gari upande wa pili. Utakapochomeka eriali, utakuwa umeunganisha hasi na chanya ya betri kwa kamba ile, nayo itaungua.

Kuhusu magari ya serikali niseme kwa ufupi tu. Ruhusa itoke kwa mkuu wako kwa maandishi. Redio ya muziki isishiriki waya wa umeme na redio ya mawasiliano, wala isishiriki eriali nayo. Chombo cha mawasiliano kinapotuma, nguvu yake inayoingia kwa njia hiyo yaweza kuua chombo cha muziki papo hapo, na kelele za chombo cha muziki huziba amri unayoingojea.

YULE KONSTEBO ARUDI

Mwaka jana alinijia mzee mmoja nyumbani kwangu Jinja, amevaa kofia ya pama, na pikapu ya Hilux imesimama nje. Alinyoosha mkono kunisalimu, nami nikaijua ile shikamano ya vidole vitatu kabla sijaujua uso. Akacheka, akasema, “Afande, nimeleta redio. Safari hii nitashika tochi mwenyewe.”

Redio yake ilikuwa ya kaseti, ya Toyota, iliyokatwa plagi. Na ndani ya Hilux fundi wa awali alikuwa amekata plagi ya gari pia. Tukawa na mikia miwili isiyofahamiana. Nitaeleza tulivyofanya, kwa kuwa mpango huo hufaa gari lolote.

Tulifungua hasi ya betri kwanza. Kisha tukaanza na redio ikiwa mezani. Mita ikiwekwa kwenye omu, ncha moja kwenye bati la redio na nyingine ikipita kwenye kila waya, wa kahawia ulionyesha sifuri. Huo ndio ethi, na safari hii haikuwa karatasi iliyoniambia. Mzee wangu alicheka aliponiona nikipima mara tatu.

Upande wa gari tuliwatenganisha nyaya, kila ncha ikavikwa tepu ili zisigusane, ndipo betri ikarudishwa. Hapa chombo bora ni taa ya kupimia, ile ambayo mafundi huiita testa: balbu ndogo, waya mmoja wenye kibanio hufungwa kwenye chuma kisicho na rangi, na ncha ya sindano huguswa kwenye waya. Mita pekee yaweza kukudanganya, kwa maana huonyesha volti 12 hata katika waya uliobaki nyuzi moja, lakini balbu haiwaki mpaka waya uweze kweli kubeba mzigo. Ufunguo ukiwa umetolewa, balbu iliwaka kwenye buluu yenye mstari wa njano. Sawa. Lakini iliwaka pia kwenye kijivu.

Kijivu hakipaswi kuwa na umeme bila ufunguo. Nikamwuliza, “Mzee, betri yako inadumuje?” Akaniambia alikwisha nunua mbili kwa mwaka mmoja, na gari likilala siku tatu halistuki. Tukafuata ule waya kwa vidole hadi nyuma ya dashibodi, tukakuta chini ya tepu iliyooza kiungo alichokifanya fundi wa awali, ameunganisha kijivu na waya wa betri ili redio yake ya wakati ule ilie bila ufunguo. Kwa kufanya hivyo kila kilichotegemea sehemu ya kwanza ya ufunguo kilikuwa kikinywa betri usiku na mchana. Tulipokitenganisha, kijivu kilikaa kimya hadi ufunguo ulipogeuzwa. Fedha za betri mbili zilikuwa zimefungwa katika tepu ya urefu wa kidole.

Taa ndogo zilipowashwa, kijani kikatoa mwanga. Huo ni wa taa ya uso wa redio tu, na mtu akiulisha redio kwa huo, redio italia usiku na kunyamaza mchana. Pembeni yake mara nyingi pana waya wa pili wa taa hizo, unaopitia kitufe cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Huo huonekana kama ethi katika mita, lakini si ethi ya kutegemewa. Ethi ya kweli ni ile ambayo betri ikifunguliwa huonyesha omu sifuri dhidi ya chuma kitupu, kitufe kile kikizungushwa upendavyo. Ukiwa na shaka, puuza nyaya zote, toboa bodi, kwangua rangi, na funga ethi yako kwa skrubu.

Spika hutambuliwa kwa betri ya tochi ya volti 1.5, redio ikiwa haijaungwa. Gusa jozi ya nyaya kwa nukta moja, nawe utasikia mkwaruzo katika mlango husika. Karatasi ya spika ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya tochi ndio chanya ya spika, na ikiingia ndani ni kinyume. Jambo hili wengi huliona dogo. Lakini spika mbili zikipingana, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, sauti nzito hutoweka, nawe utadhani redio ni mbovu. Spika ya omu 4 husomeka katika mita kati ya 3 na 4. Ikisomeka sifuri, waya umegusana mahali. Tena usiunge hasi ya spika kwenye bodi kwa sababu tu redio za zamani sana zilifanywa hivyo. Redio nyingi za baadaye hutoa umeme katika nyaya zote mbili za spika, na mmoja ukigusa bodi, kikuza sauti huungua.

Ikabaki kuunga. Hapo nina desturi ambayo nimeishika tangu 1991. Siwashi redio nisiyoijua kwa fyuzi peke yake. Kwenye waya wa umeme huingiza kwanza balbu ya kiashiria cha kugeukia, ya wati 21. Balbu ile haipitishi zaidi ya ampea mbili hata kama ndani ya redio pana hitilafu kubwa. Ikiwaka kwa mwanga wake wote na kubaki hivyo, mahali fulani nyaya zimegusana, na hakuna kilichoungua. Ya mzee iling'aa kidogo kwa nukta moja, ikafifia. Redio ilipowashwa, balbu ikawa na wekundu hafifu, na spika zikatoa ule mvumo unaojulikana. Tukaiondoa balbu, tukaweka fyuzi ya kiasi kilichoandikwa mgongoni mwa redio, kila kiungo kikachomwa kwa risasi na kuvikwa ganda, si kusokotwa.

Lakini kwenye FM hatukupata kitu ila mvumo. Mzee akanitazama. Redio ile ilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako FM ya zamani huanzia megahezi 76 na kukoma 90, hali stesheni zetu zimetawanyika kati ya 88 na 108. Wengi hutupa redio nzima kwa sababu hiyo, nao hawakukosea waya wowote. Kipo kisanduku kidogo kinachochomekwa kati ya eriali na redio, ambacho huteremsha masafa ili stesheni ya juu isikike chini katika kipimo cha redio. Mzee alisema atakinunua mwisho wa mwezi.

Basi tukahamia masafa ya kati. Karibu na tundu la eriali, redio nyingi za namna hiyo zina skrubu ndogo ya kulinganisha redio na eriali. Hutafutwa stesheni dhaifu upande wa juu wa kipimo, karibu na kilohezi 1400, kisha skrubu huzungushwa polepole hadi sauti inapokuwa kubwa kabisa. Nilishika bisibisi, yeye akashika kitufe cha stesheni. Ilikuwa karibu saa moja ya usiku, wakati ambapo masafa ya kati huanza kutoka mbali. Alizungusha kwa vile vidole viwili vilivyonyooka, akivitumia kama koleo, akapita kelele, akapita sauti ya Kiarabu, akasimama penye Kiswahili.

“Acha hapohapo, afande,” akasema, ingawa mwenye kuzungusha alikuwa yeye.